Mwaka Ambao Rama Alikula Amesimama

Siku ya hitma ya mume wangu, watu walipokwisha kula pilau na wakawa wanangoja chai, jirani yetu mmoja alisimama akasema kwamba Ramadhani alizaliwa akiwa baba tayari. Alisema watoto wa mtaa mzima walimjua kwa jina, kwamba hakuna mtoto aliyepita mbele ya cherehani yake bila kupewa kipande cha kitambaa cha kuchezea, na kwamba vijana wa siku hizi wangeletwa kwake wafundwe. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nimeketi mkekani, mtandio umenishuka mpaka kwenye nyusi, na Mungu anisamehe, nusura nicheke. Baadaye Yasini, mwanangu wa kwanza, alinifuata jikoni nikiwa napanga vikombe, akaniuliza nilikuwa natabasamia nini siku kama ile. Ana miaka kumi na tisa, ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, na ana macho ya baba yake, yale ya kumpima mtu kabla hajafungua mdomo. Nilimwambia nitamweleza watu wakiondoka. Watu waliondoka, nikaona jambo lenyewe ni refu kuliko nguvu nilizobaki nazo, kwa hiyo nimeliandika.

Lazima niseme kwanza kwamba mimi ni mtu wa kupenda kujua. Sijivunii wala sijitetei. Hata leo, dukani kwangu Biryogo ninapouza vifungo, zipu na nyuzi, mtu akinunua kifungo kimoja cheusi nitataka kujua vile vingine vinne vimebaki wapi na shati ni la nani. Rama alikuwa akisema ningezaliwa mwanamume ningekuwa polisi. Basi mtu wa namna hiyo, mkimlaza kitandani siku arobaini za uzazi katika chumba chenye ukuta mwembamba, mkimnywesha uji asubuhi, mchana na jioni, mnadhani atafanya nini? Atasikiliza. Nyumba yetu wakati huo ilikuwa Gitega, mtaa jirani na Biryogo, vyumba viwili vya kupanga ndani ya kipangu, yaani ua mmoja wa wapangaji wengi, chenye bomba moja la maji, na kuishukia ilibidi ukanyage ngazi za mawe thelathini na kitu ambazo mvua ikinyesha zilikuwa mto. Chumba cha ndani kilikuwa changu na Yasini na harufu ya maziwa. Chumba cha mbele kilikuwa na makochi mawili, cherehani ya akiba ya Rama, na wageni. Kati yetu kulikuwa na pazia la maua ya zambarau, na nyuma ya pazia lile nilisikia mengi kuliko niliyowahi kuyaona kwa macho.

Wageni walikuja kuhemba, yaani kumtembelea mzazi na kumletea vya kunywa, na walikuja kweli. Walileta chupa za chai zilizojaa igikoma, ule uji wetu wa mtama, na maziwa, na sukari, na sabuni za mtoto. Kila aliyeingia aliuliza mama anaendeleaje, maziwa yanatoka, mtoto ananyonya, anafanana na nani. Rama aliwafungulia soda. Nilisikia kizibo kikiruka, kikianguka sakafuni, halafu sauti yake ikisema karibuni, halafu kimya. Hakuna aliyemuuliza yeye anaendeleaje, nami pia sikumuuliza, kwa sababu sikujua kwamba hilo ni swali. Shangazi yangu Mariamu, aliyekuja kunihudumia mpaka arobaini iishe, alisema mwanamume nyumba ikiwa na mzazi hana kazi, akae tu mbali na njia. Rama alikaa mbali na njia vizuri mno.

Dalili zilikuwepo tangu mwanzo na mimi nilizipita kama mtu anayevuka barabara akitazama simu. Siku mtoto alipoletwa nyumbani, baba ndiye alitakiwa kumwadhinia sikioni. Rama alisema koo linamuuma, akamwita mwalimu wa madrasa wa jirani afanye badala yake. Siku ya saba, siku ya akika, mtoto alinyolewa nywele na kupewa jina, na Rama alikuwa nje anapuliza mkaa ambao tayari ulikuwa unawaka. Majirani walianza kumwita Papa Yasini, yaani baba Yasini, kama ilivyo desturi, naye hakugeuka. Si kwamba alikataa. Jina lilimpita tu, mpaka umwite Rama ndipo ashtuke. Na chakula alikula amesimama. Shangazi angempakulia ndizi na maharage, angemvutia kigoda, naye angeichukua sahani, aiweke juu ya cherehani, ale vijiko vitano uso umeelekea mlango, kisha aseme alhamdulillahi na kutoka. Mtu aliyekuwa akila huku anasimulia mpaka chakula kinapoa! Nilimuuliza Shangazi kulikoni. Alisema wanaume wote wako hivyo, mtoto akianza kucheka atarudi. Yasini alianza kucheka mwezi wa tatu, na Rama hakurudi.

Nikiwaza leo, huzuni yake haikuwa na sura niliyoizoea. Nilidhani mtu mwenye huzuni hulia, au hulala, au hukataa kuoga. Rama alioga, akapiga pasi suruali yake mpaka mkunjo ukawa kama umechorwa kwa rula, akaenda kazini kwenye baraza la mafundi kule Biryogo. Nguo alizishona, ingawa mafundi wenzake waliniambia baadaye kwamba aliacha kukata. Alimwomba mwenzake amkatie kila kitambaa, yeye ashone tu, eti macho yamepungua nguvu. Nyumbani hakufoka wala hakutukana. Mtoto akilia alisimama, akatoka, akaenda bombani kujaza madumu yaliyokuwa yamejaa. Hakumbeba hata mara moja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hakika ya jambo moja tu: mume wangu anaondoka nyumbani kidogo kidogo, na nisipojua anakoelekea, siku moja atafika huko na hatarudi. Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa sana, ila mimi hofu yangu huvaa nguo za udadisi, kwa hiyo nilianza kumpekua.

Mwezi wa nne, nikifua suruali zake, nilikuta mfukoni kipande cha kadibodi ngumu kilichozungushiwa utepe mwekundu wa gundi pembeni. Mbele kimeandikwa 14 kwa kalamu nene. Nyuma kulikuwa na muhuri uliofifia, na neno pekee lililosomeka lilikuwa Niboye. Niliketi juu ya beseni lililopinduliwa nikakitazama mpaka povu likaisha kwenye maji. Sisi hatukuwa na mtu Niboye. Niboye iko Kicukiro, upande wa pili wa jiji, mbali na kazi yake, mbali na msikiti wake, mbali na mimi. Na namba ya kwenye kadi, kwa mwanamke mwenye mtoto mchanga na mume asiyekaa, ni namba ya nini? Ni ya chumba. Nilimpelekea Esperansi, aliyekuwa na kiduka cha unga na mkaa mlangoni mwa kipangu chetu. Esperansi alikuwa Mkatoliki aliyekulia Bujumbura, mnene, mcheshi, na Kiswahili chake cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa huko, kilikuwa kinatiririka kuliko changu. Aliivaa miwani yake, akaigeuza kadi mara mbili, akasema polepole, "Hii ni ya loji, sha. Bwana yako iko na chumba."

Namshukuru Mungu kwa ajili ya Esperansi, ingawa siku ile alikosea kabisa na mimi nikakosea pamoja naye. Alifunga duka lake saa nne asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya hata kwa msiba, akavaa viatu vya kanisani, tukapanda basi mpaka Kicukiro, mimi na Yasini mgongoni. Tulizunguka Niboye loji kwa loji. Katika ya kwanza walituambia wana vyumba sita tu. Ya pili ilikuwa imegeuzwa saluni. Esperansi alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia huyo mwanamke, na njiani alinifundisha na mimi, na lazima nikiri kwamba kati ya loji na loji tulicheka mpaka tukashikilia ukuta, kwa sababu hasira ikizidi hugeuka kitu kingine. Katika loji ya tatu alikuwepo mhudumu mmoja akipanga mashuka. Alitazama kadi akasema hii si yao, wao wana funguo. Akanyoosha kidole kule barabara inakoteremka. Alisema ni ya zahanati ile ya bati la kijani, kadi za kupangia foleni, na mwenye zahanati amekuwa akilalamika kwamba moja imepotea.

Mlangoni mwa zahanati palikuwa na benchi ndefu na watu kama kumi hivi, kila mmoja na kadibodi yake yenye ukingo mwekundu. Muuguzi mwenye zahanati, mama wa makamo aliyevaa sweta juu ya koti jeupe, ndiye aliyekuwa akiita namba. Watu walimwita muganga, kama tunavyomwita kila anayetibu. Nilimpa kadi yake. Aliposikia mimi na Esperansi tunanong'onezana Kiswahili, aliacha Kinyarwanda akatufuata huko huko. Aliuliza nimeipata wapi. Nilipomwambia, alinitazama, akamtazama mtoto, akatutoa pembeni kwenye kivuli cha ukuta.

"Huyu papa iko nakuja kila mardi na kila jeudi," alisema, yaani Jumanne na Alhamisi. "Iko nachukua numero, iko nakaa pale mwisho. Anangoja vizuri, hasumbue mutu. Nikiita numero yake, anasimama, anaenda."

Nilimuuliza anaenda wapi. Alisema anaenda nyumbani, au kazini, yeye hajui. Amefanya hivyo wiki saba. Mara moja alimfuata mpaka getini akamuuliza anaumwa nini, naye akajibu kwamba amepona. Muganga alisema amekuwa akijiuliza ni mtu wa namna gani anayekuja kupona kwenye benchi. Esperansi alitembea mbele yangu mpaka kituo cha basi. Hapo akasema afadhali ingekuwa loji, maana loji angejua la kufanya.

Alhamisi nilikwenda peke yangu na mtoto. Nilimkuta Rama mwisho wa benchi, kofia mapajani, mkunjo wa suruali umenyooka, kadi namba tisa mkononi. Niliketi kando yake. Hakushtuka kama nilivyodhani angeshtuka. Alisogea kidogo, kama unavyompisha mtu usiyemjua, kisha akabaki akitazama mbele. Walikuwa wamefika namba tano. Ilikuwa asubuhi ya jua jepesi, mwanamke mmoja alikuwa anamenyea mwanawe ndizi mbivu, redio ya duka la jirani inasoma matangazo ya vifo. Nilikuwa nimeandaa maswali njia nzima na yote yalinitoka. Nililoweza kumuuliza ni kwa nini haingii.

"Nikiingia atauliza naumwa wapi," Rama alisema. "Mimi sina pa kuonyesha."

Namba sita iliitwa, kisha saba. Akaniambia, bila kunigeukia, kwamba Jumamosi kuna mfanyabiashara wa vitambaa anakwenda Kampala na amempa nafasi kwenye karakana ya huko. Atakuwa anatuma matumizi. Alisema mtoto atakua vizuri zaidi asipokuwepo yeye, na alilisema hilo kwa upole, kama fundi anayemshauri mteja kwamba rangi ile haimpendezi. Niliuliza atarudi lini. Aliigeuza kofia mapajani, na mimi niliyejua kusikiliza nyuma ya pazia nilielewa kwamba hatarudi.

Namba tisa ikaitwa. Rama akasimama, akaiweka kadi juu ya benchi kwa adabu, akaelekea getini. Sijui nilipata wapi akili ile. Niliiokota kadi, nikaingia mimi. Niliketi kwenye kiti cha mgonjwa na mtoto mgongoni, nikamwambia muganga kwamba mgonjwa yuko getini na mimi nitamweleza habari zake mpaka aingie au mpaka afunge zahanati. Muganga hakucheka. Aliinuka akaufungua mlango wazi kabisa, akauwekea jiwe, akarudi akaketi akachukua kalamu. Nikaanza kusema, na nilisema kwa sauti ya sokoni. Nilisema mume wangu hali vizuri. Nilisema hakati vitambaa tena. Nilisema hageuki akiitwa baba. Kutoka pale nilipoketi niliona kivuli chake kimesimama kwenye changarawe. Nikasema, "Na huyu mtoto hajamshika tangu alipozaliwa."

"Si kweli," Rama alisema kutoka nje.

Mliomjua Rama mnajua kwamba alikuwa hawezi kuvumilia kipimo kikisomwa vibaya. Ungemwambia kiuno ni thelathini na mbili wakati ni thelathini na mbili na nusu, angeacha chakula aje apime upya. Alikuja mpaka kizingitini, kofia imekunjwa mkononi.

"Nilimshika," alisema. "Nilimshika saa nzima."

Ndipo nilipolisikia jambo ambalo mimi, mjua yote, sikulijua. Siku ya kujifungua nilitoka damu nyingi, hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba yeye alikuwa kwenye korido ya hospitali, na mhudumu mmoja aliyekuwa anakimbia alimwekea mtoto mkono huu, na mkono huu akamwekea kitenge changu kilicholowa damu, kimefungwa fundo, akapita bila neno. Rama alijua maana ya kurudishiwa nguo ya mtu. Aliketi kwenye korido ile saa nzima akiamini kwamba nimekufa. Hakuna aliyekuja kumwambia vingine, na yeye hakuuliza, kwa sababu aliogopa kujibiwa.

"Nikamwambia mtoto neno," alisema. "Nikamwambia, afadhali ungekufa wewe."

Tangu hapo, alisema, akimtazama mtoto mikono inamtetemeka, na akiwaza kumbeba anaona jinsi atakavyomwangusha, anaiona sakafu kabisa. Akishika mkasi ni vivyo hivyo. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga. Miezi minne mtu analala kando yangu na jambo kama hilo, na mimi nikienda kumtafuta Niboye kwenye mashuka ya watu! Nilijionea haya. Na nilimwonea huruma ambayo bado ninayo leo, hata sasa ambapo yuko mahali ambapo haimfikii.

Muganga hakumkaripia wala hakumwambia hayo si kitu. Aliuliza swali ambalo mimi nisingeweza kulifikiria. "Na mutoto alifanya nini, ulipomwambia?"

Rama alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa urefu wa mkono. "Alilala," akasema.

"Basi iko alilala," muganga akasema, akaandika.

Alitueleza kwamba ni ugonjwa, na kwa Kinyarwanda una jina, agahinda gakabije, huzuni iliyopita kiasi. Alisema huwashika akina mama baada ya kuzaa, na huwashika akina baba pia, ila akina baba hawana siku arobaini wala mtu wa kuwapikia uji, kwa hiyo hutembea nao. Alisema wengine huwa hawana hata korido ya kusimulia, unawaingia tu. Sitawadanganya kwamba ulitoka asubuhi ile. Alirudi kwa muganga kila Alhamisi, kisha akapelekwa kwa mtaalamu kwenye hospitali kubwa, na zilikuwepo wiki ambazo aliamka hawezi kuongea, na ugonjwa ulichukua mpaka Yasini alipoanza kutembea akishika makochi. Mkasi alianza kuushika kabla ya hapo. Nimesikia redio za Tanzania zikiuita sonona, na kila nikilisikia neno hilo huwa naongeza sauti, nione kama watafika kwa akina baba. Mara nyingi hawafiki.

Lakini asubuhi ile bado ilikuwa Alhamisi na Jumamosi ilikuwa inakuja. Muganga alimwambia Rama aketi. Rama akasogea kwenye kiti nilichokuwa nimemwachia.

"Hapana kiti," muganga alisema. "Chini. Papa akikaa chini, mutoto hana pa kuangukia."

Mume wangu aliitazama sakafu ya saruji, akaitazama suruali yake. Akaketi. Alikunja miguu kama tunavyoketi msikitini, mgongo ukutani, mikono imelala juu ya magoti na inatetemeka waziwazi. Nilimfungua Yasini mgongoni. Nilipiga magoti nikamweka mapajani kwake, na sikumwachia, muganga akaniambia nimwachie. Nikamwachia. Yasini alimtazama yule mtu kwa muda mrefu bila kulia, akaishika kola ya shati akaanza kuivuta kuelekea mdomoni. Nje walianza kuuliza namba kumi itaitwa saa ngapi, na muganga alikwenda kuegemea mlango. Mikono ya Rama ilichukua muda kufika. Ilipofika ilimshika mtoto chini ya makwapa, ikamwinua kidogo, ikamrudisha, ikamwinua tena.

"Ana kilo ngapi?" akaniuliza.

Lilikuwa swali la kwanza kuniuliza kuhusu mwanawe. Nami, ninayejua kila mtu mtaani ana nini kwenye kikapu, sikuwa najua. Muganga alileta mzani wake akauweka pale pale sakafuni, na Rama akasogea bila kuinuka, akamlaza mtoto, akainamisha kichwa mpaka karibu na mshale kama alivyokuwa akisoma futi yake. Akasema kilo sita na nusu, na kidogo. Akasubiri mshale utulie, akasoma tena, akasema hiyo kidogo tuiandike pia.

Jumamosi basi la Kampala liliondoka saa zake. Saa hizo Rama alikuwa chumba cha mbele, sakafuni, mgongo ukutani, ananiita nije nimpokee mtoto kwa sababu mguu umekufa ganzi na anaogopa kuinuka naye. Nilikuwa nyuma ya pazia, nasikia kila kitu. Nilichelewa kidogo kwenda.